Mdogo wangu anamaliza kidato cha sita: nimtafutie kazi kwanza au karatasi za chuo?

*Swali: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni dada mkubwa katika familia ya watoto wanne. Nina kibanda cha wakala wa pesa Mbagala. Mdogo wangu wa kiume anamaliza mitihani ya kidato cha sita mwezi huu wa Mei, kachukua EGM (uchumi, jiografia na hesabu), yupo shule ya bweni ya serikali mkoani Iringa. Baba yetu alifariki mwaka 2016. Mama yupo kijijini Namtumbo, analima. Nataka akimaliza tu nimtumie nauli aje Dar, nimtafutie kazi mpaka chuo kifunguliwe, apate hela ya kuanzia. Jirani anasema kuna mtu anaweza kumwingiza kiwandani kwa laki na nusu. Wengine wananiambia nimtafutie cheti cha daktari asiende JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), asije akapoteza muda. Nianzie wapi? Na hela atakayopata nimtunzie mimi au aishike mwenyewe?*

Marahaba, mwanangu. Nauli ya Dar usiitume bado. Mtumie ya Namtumbo.

Nitakueleza sababu, lakini kwanza tuhesabu siku, maana barua yako inasomeka kama vile kijana ana miezi mitano mitupu mbele yake. Hana. Mitihani ikiisha, ana wiki mbili tatu hivi kabla ya kuripoti JKT. Kambini ni miezi mitatu. Akitoka ni Septemba, na vyuo vingi hupokea mwaka wa kwanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Muda wake wa kufanya kazi ni vipande viwili: kimoja kifupi sasa hivi, kingine cha wiki saba nane huko mbele. Na hapo katikati, yeye akiwa kwenye mchakamchaka saa kumi na moja alfajiri, ndipo matokeo yanatoka, vyuo vinafungua maombi na dirisha la mikopo linaelekea kufungwa. Mambo yanayoamua kama atasoma au atakaa nyumbani yatatokea yeye akiwa kambini na wewe ukiwa kibandani unahesabu floti, ile pesa ya kuendeshea kibanda.

Nimefundisha hesabu sekondari miaka kumi na moja, kisha nikakaa miaka mingi zaidi kwenye ofisi ya ushauri wa wanafunzi chuoni. Waliokuja kulia mbele ya meza yangu kwa sababu hawakupata kibarua baada ya kidato cha sita siwakumbuki. Waliokuja kwa sababu ya karatasi nawakumbuka wengi, na wengine sura zao bado ninazo.

Hilo la cheti cha daktari tulimalize haraka. Mafunzo ya JKT ya mujibu wa sheria yalisimama mwaka 1994 yakarudishwa 2013, na kama jina lake limo kwenye orodha, anaitwa kwa sheria. Kijana mgonjwa kweli ana njia yake ya kueleza, na anapimwa. Cheti cha kununua ni hati ya kughushi, na sielewi kwa nini mtu aanze safari ya chuo na hati ya kughushi mkononi. Halafu hiyo miezi mitatu analala na kula kwa gharama za serikali. Kwa Mbagala, mtu mzima wa kiume anayekula chakula chako kwa miezi mitatu unajua ni shilingi ngapi kuliko mimi. Anunue vile vitu vinavyoandikwa kwenye tangazo la wito, bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni, fulana ya kijani, raba, shuka, soksi nyeusi ndefu, aende.

Sasa Namtumbo.

Baba yenu alifariki 2016. Swali langu la kwanza ni hili: cheti cha kifo mnacho? Sisemi kibali cha mazishi wala ile barua ya mtendaji. Nasema cheti cha RITA, ofisi ya serikali inayosajili vizazi na vifo. Familia nyingi za kijijini huzika, humaliza arobaini, maisha yanaendelea, na hakuna anayekumbuka kusajili kifo hadi siku mtoto anapoomba mkopo na mfumo unamuuliza: wazazi wako hai? Akijibu kuwa baba amefariki, anatakiwa aonyeshe. Akikosa cheti, kwa macho ya Bodi ya Mikopo yeye ni mtoto mwenye wazazi wawili kama wengine, na uyatima wake, ambao ndio ungempa uzito mkubwa katika kupangiwa mkopo, unabaki kuwa hadithi ya nyumbani kwenu.

Kifo kisichosajiliwa miaka yote hiyo bado kinasajilika. Ofisi ya RITA ngazi ya wilaya iko kwa mkuu wa wilaya. Mama na kijana waende pamoja, wakiwa na barua ya mtendaji wa kijiji, na chochote kilichobaki kinachoonyesha kifo hicho: karatasi ya hospitali, kibali cha mazishi, hata kadi za marehemu. Wataambiwa nini kimepungua. Ndiyo sababu nataka kijana aende huko kwa miguu yake. Mambo haya ukiyaendesha kwa simu kutoka Dar, kila karatasi inayopungua ni wiki nyingine, na mama hawezi kuacha mahindi shambani kila mara kwenda wilayani. Wiki mbili tatu za kijana mwenye nguvu, anayejua kusoma fomu na asiyechoka kusubiri kwenye benchi, zina kazi kubwa kuliko kibarua chochote utakachompatia hapa.

Akiwa hukohuko, aketi na mama chini ya mwanga mzuri, atandaze hati zake zote kitandani: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, namba au kadi ya NIDA (kitambulisho cha taifa), na hicho cha kifo kikipatikana. Asome majina herufi kwa herufi. Asisome kama mtu anayelijua jina lake. Asome kama karani asiyemjua.

Nasema hivi kwa sababu yalitukuta. Mdogo wangu mwenyewe, aliyenifuata mimi kuzaliwa, cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa na jina la baba lenye H, na vyeti vya shule havikuwa nayo. Herufi moja. Sote tulikuwa tunaiona miaka yote na hakuna aliyeiona. Iligundulika mwezi Oktoba, ofisi moja ikamrudisha, akaambiwa alete hati ya kiapo, akaitafuta, akarudi dirisha limefungwa. Alikaa mwaka mzima nyumbani anauza mkaa. Mimi ndiye nilikuwa mkubwa, mimi ndiye nilikuwa mwalimu, na cheti kile kilikuwa kwenye sanduku langu. Hadi leo tukikutana kwenye sherehe ananiita “Bwana H”.

Tofauti ya majina ikionekana Mei, ni kwenda kwa wakili au hakimu kuapa kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, ukasubiri, ukapata. Ikionekana siku tatu kabla ya mwisho ni msiba.

Kisha uhakiki. Bodi ya Mikopo haipokei cheti cha kuzaliwa au cha kifo ambacho RITA haijakihakiki, na uhakiki wenyewe unaombwa kwa mtandao: unapakia picha ya cheti, unalipia ada ndogo kwa namba ya malipo, unasubiri jibu. Wengi hungoja dirisha la mkopo lifunguliwe ndipo wanakimbilia RITA, na nchi nzima imekimbilia huko siku hiyohiyo. Nyinyi fanyeni kabla hajaenda kambini. Wewe ni wakala, kulipia namba ya malipo hakukupi shida.

Kabla hajapanda gari kwenda JKT, kuwe na bahasha tatu. Moja ya vyeti halisi vile ambavyo wito wa JKT unamtaka aende navyo. Moja ya nakala, akae nayo kambini. Moja ya nakala, uwe nayo wewe Mbagala, pamoja na picha zake za pasipoti. Hizo picha apige nyingi.

Jambo la laini ya simu sasa. Kaa hapa nami kidogo, maana hili ndilo naliona kila mwaka kwenye vibanda vya steshenari.

Ni Julai, matokeo yametoka. Kibanda kina kompyuta mbili na vijana kumi na tano nje. Kijana anaketi, mwenye kibanda anamuuliza, “Una imeili?” Hana. “Basi natumia hii yangu.” Namba ya simu? Laini yake imeharibika, anataja ya shemeji. Nywila? Mwenye kibanda anaweka moja tu kwa wateja wote, jina la kibanda na tarakimu nne. Dakika ishirini, elfu tano, anayefuata. Wiki sita baadaye kijana amechaguliwa vyuo viwili, anatakiwa athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Simu ni ya shemeji, na shemeji yuko machimboni hakuna mtandao. Mwenye kibanda amebadilisha imeili. Kijana anazunguka mjini na kitambulisho mkononi akieleza kwamba yeye ni yeye.

Kwa hiyo kabla ya kambi: laini iliyosajiliwa kwa NIDA yake mwenyewe, imeili yake mwenyewe, nywila aliyoitunga yeye na kuiandika kwenye daftari, nakala kwako. Akiwa kambini usitegemee kumpata hewani kila unapotaka. Ile laini akuachie, iwe kwenye simu yako ndogo, iwe na chaji. Ujumbe wa namba ya siri ukija, umeupata.

Sasa mwezi kwa mwezi. Dirisha la mikopo kwa kawaida hufunguliwa Juni au hapo karibu, na hufungwa mwisho wa Agosti. Huwa linaongezwa siku, lakini usipange maisha ya mtu juu ya siku za nyongeza. Ada ya maombi imekuwa Sh30,000. Fomu inajazwa mtandaoni, kisha inachapishwa ipate saini na mihuri: serikali ya mtaa au kijiji, wakili au hakimu, mdhamini, na mwombaji mwenyewe. Dirisha likifunguliwa kabla hajaripoti, amalize na kusaini kabla ya kuondoka. Likichelewa, maofisa wa Bodi wamekuwa wakifika makambini kuwasaidia vijana, na ndiyo maana nikasema awe na bahasha ya nakala. Usimsainie. Najua utajaribiwa, na saini yake pengine unaijua. Usimsainie. Mdhamini uwe wewe, una kitambulisho na una kazi inayojulikana.

Namba ya mtihani wa kidato cha nne atakayotumia kwenye mkopo iwe ileile atakayotumia kuomba chuo. Kama aliwahi kurudia mtihani na ana namba mbili, achague moja na asiibadilishe. Mifumo miwili inaongea kwa namba hiyo. Ukitumia tofauti, chuo kinamjua mtu mmoja na Bodi inamjua mwingine.

Matokeo hutoka Julai, na vyuo hufungua maombi muda mfupi baadaye. Tangu 2017 mtu anaomba moja kwa moja chuoni, ule mfumo wa kuomba vyote kupitia TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) haupo tena, na kazi ya TCU ni kutoa kitabu cha mwongozo na kusimamia. Kitabu hicho kipakue bure, usinunue kwa mtu. Kuingia shahada anahitaji alama mbili za kiwango cha juu, A hadi E, zenye jumla ya pointi 4 kwa A kuwa 5 na E kuwa 1. Hata D mbili zinavuka mstari huo. Lakini kozi nzuri zina mistari yake juu ya mstari, na nyingi za EGM zinataka hesabu yenyewe iwe imefaulu vizuri.

Hapa nikuulize kitu. Nimesoma barua yako mara mbili, na sijaona mahali mdogo wako anaposema anataka kusoma nini. Wewe umesema, jirani amesema, wengine wamesema. Yeye je? Mpigie akimaliza mtihani wa mwisho, umwache aongee. EGM ni kombi pana kuliko watu wanavyodhani. Wengi wanaona uchumi na uhasibu tu. Ipo takwimu, na Dar kuna Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika ambacho vijana wengi wa Mbagala hawajui kinafundisha nini. Ipo bima na hesabu zake kule IFM (Chuo cha Usimamizi wa Fedha). Ipo mipango miji na ukadiriaji majenzi Chuo Kikuu Ardhi. Ipo ualimu wa hesabu, na nchi hii bado inawatafuta walimu wa hesabu kwa tochi. Akiwa Namtumbo aandike kozi tano kwa mpangilio wake, kwa mwandiko wake, akuachie karatasi hiyo. Matokeo yakitoka utaomba kwa kufuata karatasi ile, ukiangalia alama zilizopatikana. Ukiona alama hazifiki, shuka kwenye karatasi yake, usiandike kozi yako.

Alama zikikataa kabisa, stashahada ipo, na wengi wameingia shahada kwa mlango huo. Tutaandikiana.

Haya, kazi.

Yule wa laki na nusu mwache. Mtu anayekuuzia nafasi ya kibarua ama hana hiyo nafasi, ama ataiuza tena kwa mwingine mwezi ujao. Wiki ya kwanza ya mshahara wa kijana itakuwa inalipa deni lako kwa jirani. Kibarua cha kiwandani hupatikana getini asubuhi, bure, kwa kujipanga mstari, na kama hakipatikani getini hakipatikani.

Bodaboda pia hapana. Wiki saba hazitoshi kujifunza barabara ya Kilwa, zinatosha kuvunjika mguu. Duka la Kariakoo linawezekana kama kuna mtu unayemfahamu, ila muulize saa kabla ya kuuliza mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, na maduka mengi hayajawahi kuisoma. Kijana wa kufungua saa moja asubuhi na kufunga saa mbili usiku hatapata siku ya kufuatilia chuo.

Kumweka kibandani kwako ndiyo rahisi kuliko vyote, na ndiyo ninayoiogopa zaidi. Floti si yako yote, najua mnavyoazimana. Matapeli wa “nimekosea, nirudishie” wanamsubiri mtu mgeni kwenye kiti. Siku moja hesabu itapungua elfu themanini, hutajua kama ni kosa au nini, na mtakula chakula cha usiku kimyakimya. Ndugu wengi wamegombana kwa kiasi kidogo kuliko hicho. Akushikie kibanda saa moja ukienda kula, basi.

Kazi yake iko mahali pengine na msimu wake umeangukia palepale anapotoka kambini. Hesabu ni somo ambalo mwaka baada ya mwaka linaburuza mkia katika matokeo ya kidato cha nne. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba. Wa kidato cha pili nao ni miezi hiyohiyo ya mwisho wa mwaka. Maana yake Septemba na Oktoba kila mzazi wa Mbagala mwenye mtoto wa darasa la mtihani amepata kiwewe, na wewe una kijana aliyetoka kufanya hesabu za kidato cha sita, kichwa bado cha moto, hajasahau kitu.

Na wazazi hao wanapita dirishani kwako kutoa na kuweka pesa. Hapo ndipo kibanda chako kitakapomfaa. Tangu Agosti anza kuwauliza: “Mama fulani, mtoto wako hesabu anaendeleaje?” Usitangaze, uliza tu. Wataongea wenyewe. Andika majina kumi na mbili. Karatasi ukutani iandike mwezi wa tisa.

Vifaa: ubao mmoja, chaki, kivuli cha mwembe au baraza, na mitihani ya NECTA (Baraza la Mitihani) ya miaka iliyopita. Asianze na mada ngumu ili kuonyesha kwamba anajua. Kosa hilo wanalifanya vijana wote waliotoka kidato cha sita, nililifanya na mimi. Mtoto anayefeli hesabu kidato cha nne kwa kawaida amekwama kwenye sehemu na namba hasi, vitu vya shule ya msingi. Wiki ya kwanza iwe ya hizo tu, na mtoto akitoka pale ameweza kitu, kesho anarudi na rafiki yake.

Tufanye watoto kumi na wawili, kila mmoja buku (elfu moja) kwa siku, siku tatu kwa wiki. Ni elfu thelathini na sita kwa wiki, wiki saba ni 252,000. Akiongeza kikundi cha kidato cha pili siku nyingine mbili, hata kikiwa cha watoto wanane, inaingia elfu kumi na sita nyingine kwa wiki. Hapo toa wale wasiolipa, na watakuwepo. Jumamosi kama ana nguvu asaidie fundi ujenzi, akitoka JKT mwili utakuwa unaweza. Kazi hii ya tuisheni haimkamati kutwa. Watoto wanatoka shule jioni. Asubuhi yake ni huru kwa foleni za chuo, na kwa jambo moja ambalo wengi hulidharau: kompyuta. Vijana wengi wa shule zetu za bweni huingia chuo hawajawahi kuchapa ukurasa mmoja, na wiki ya tatu wanadaiwa insha iliyochapwa. Kwenye steshenari ya karibu mwombee aende asubuhi, afagie, achape barua za wateja bila malipo kwa mwezi. Atoke hapo anachapa bila kutafuta herufi.

Lengo la pesa liwe lipi? Wengi hudhani bumu, yaani posho ya mkopo, litamsubiri getini. Posho ya chakula na malazi tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni Sh10,000 kwa siku, kabla yake ilikuwa 8,500, lakini huipati hadi umesajiliwa na umesaini, na kusajiliwa kunataka pesa. Kuna bima ya afya ya mwanafunzi, ambayo imekuwa Sh50,400. Kuna ada ya TCU, Sh20,000 kwa mwaka. Kuna michango ya chuo chenyewe, kuna nauli, godoro kama hostel haina, ndoo, pasi. Na chumba: anayekosa kitanda hostel ataanza kwa kubebana, wawili kitanda kimoja, na hilo linavumilika wiki mbili tatu kama mwenzake ni mtu mzuri. Halafu tumbo. Mpangie siku thelathini za kula bila bumu. Kwa bajeti ya kawaida lengo lake liwe kama laki nne, na kama mkopo utampa asilimia fulani tu ya ada, wewe na mama mjue mapema pengo ni kiasi gani. Mkopo wenyewe atarudisha: akiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara. Amjulishe mama, ili siku moja asije akashangaa kwa nini mtoto mwenye kazi analeta kidogo.

Pesa ashike nani? Ashike yeye. Akaunti ya benki atahitaji hata hivyo kwa ajili ya mkopo, aifungue kwa jina lilelile la kwenye vyeti, herufi kwa herufi. Kila Jumamosi aweke. Wewe uwe na haki ya kuona salio, usiwe na haki ya kutoa. Najua una nia njema. Najua pia kwamba mtoto wa mwisho ataumwa Oktoba, au mama ataomba mbolea, na pesa ya kijana itakuwa ndiyo iliyo karibu. Aombwe, atoe mwenyewe akiweza. Wanafunzi niliowaona wakipotea mwaka wa kwanza, wale wanaomaliza bumu lote wiki ya kwanza kisha wanadisko, yaani wanaondolewa chuoni kwa kufeli, kwa sababu hawakula wala hawakusoma, wengi wao hawakuwahi kushika laki moja yao kabla ya siku hiyo. Afadhali akosee na elfu ishirini nyumbani kwako.

Akila kwako, achangie kitu, hata kama ni sukari tu.

Na akitoka kambini atakuwa mweusi, mwembamba, na atakuwa anaamka saa kumi bila kuitwa. Mwache alale siku tatu. Watoto wa tuisheni waanze Jumatatu inayofuata.